Fundi Aliyesema Redio Itatusikiliza

Mwezi uliopita, nikipekua mfuko wa koti zito la baridi pale Mchikichini, nilikuta kaseti. Koti lilikuwa limetoka kwenye robota lililofunguliwa asubuhi ileile, bado linanuka ile dawa ya mitumba inayowasha pua. Nina tabia ya kupekua mifuko kabla sijatundika nguo, maana nimewahi kukuta funguo, tiketi, hata jino la bandia. Kaseti sikuwahi. Kijana anayeuza viatu meza ya pili aliichukua mkononi mwangu, akaigeuza, akachungulia vile vitundu viwili, kisha akaniuliza, "Mama, hii chaja ya nini?"

Nikamwambia ni barua. Akasema leo jua limenipiga.

Sikubishana naye. Mtu wa rika langu aliyekulia Kariakoo hahitaji kuelezwa. Waume walikuwa Uarabuni, wengine melini, na wake zao wengi kalamu ilikuwa imewakataa. Basi mwanamke aliazima redio kaseti, akafunga mlango, akazungumza na mashine kana kwamba ni mtu aliyeketi mkekani. Akimaliza upande wa kwanza, hugeuza wa pili, halafu humkabidhi msafiri. Baada ya miezi, msafiri mwingine alirudi na majibu, na ndani yake mkawa na kikohozi cha mtu unayemjua, na nyuma yake honi za magari ya nchi usiyoijua.

Ile ya kotini nimeiweka. Sina cha kuichezea, na hata ningekuwa nacho nisingetaka kujua inasema nini. Kaseti isiyo yangu niliwahi kuigusa mara moja, na mara hiyo inatosha.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, mimi na mama, katika nyumba ya vyumba sita mitaa miwili nyuma ya soko. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani jiko na bomba. Mwenye nyumba alikuwa Bi Tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na chumba chake kilipakana na chetu. Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta zilipanda zikakomea kwenye mtambaapanya, na juu yake palikuwa na uwazi mpaka kwenye bati. Usiku taa ya jirani ilimulika bati letu. Sisi watoto tuliliona jambo la kawaida kabisa. Nyumba ni hivyo.

Barazani, kwa ruhusa ya Bi Tatu, alikaa fundi redio. Mtaa ulimwita Fundi Mawimbi kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Alisema ni mtu wa Newala, na tulimkubalia kwa kuwa alikuwa na lafudhi ya kusini, lakini hakuna ndugu yake hata mmoja aliyewahi kuja kumtazama, si Idi si Krismasi, na wala hatukujua anafuata ipi kati ya hizo. Alikuwa na meza, pasi ya kulehemu, mabaki ya redio yaliyofunuliwa matumbo, na hedifoni kubwa nyeusi ambayo kikombe chake kimoja kilifungwa kwa raba ya baiskeli. Na alikuwa na daftari.

Daftari lile ndilo lililonivuta. Shule haikunivuta kiasi kile, na baadaye, nilipokuwa darasa la sita, tuliachana bila ugomvi. Nikitoka darasani nilikuwa napitiliza barazani. Namwamkia, ananiitikia marahaba bibie, ananisogezea kopo la rangi nikalie. Ukurasa mmoja alichora simu isiyo na waya. Ukurasa mwingine mtu aliyeshika kitu kama kitabu kidogo, ndani ya kitabu uso wa mtu mwingine anacheka. Chini aliandika kwa herufi kubwa, na nikimwomba alinisomea: kila mtu atatembea na posta yake mfukoni. Utamwona unayezungumza naye mpaka jino lake bovu. Mtu wa Newala na mtu wa Muskati watacheka utani mmoja kwa pamoja. Hakuna atakayesema yuko Tanga na huku amelala Buguruni.

Hilo la Buguruni wanaume hawakulipenda. Walicheka, lakini niliwaona wakitazamana.

Nilimuuliza anayajuaje. Akachukua taa ya redio ya zamani, kubwa kama chupa ya dawa, akaiweka mezani. Kando yake akaweka kile kidude chenye miguu mitatu kilichokuja kuchukua nafasi yake, kidogo kama punje ya hindi. "Kitu kikiwa kinapungua mbele ya macho yako," alisema, "piga hesabu tu kitaishia wapi." Nilipiga hesabu nikaona kitaishia kutoonekana, nami nikaogopa. Jambo lisiloonekana na linasikia, kwetu lilikuwa na jina lake, na halikuwa redio.

Kwa hiyo nilimpenda na sikumwamini. Niseme kweli, mtaa mzima ulikuwa hivyo. Wengine walisema ametumwa na serikali asikilize watu wanavyoisema. Wengine walisema alifukuzwa melini kwa ushirikina. Bi Tatu alisema mtu asiye na mke anayejua habari za kesho si wa kumwachia mtoto. Mimi nilikuwa na shaka yangu mwenyewe, kubwa kuliko hizo zote. Niliamini kwamba sauti ikiingia kwenye kaseti imemtoka mtu, kama damu inavyomtoka, na kwamba zile sauti zilizokoroma kwenye redio zake alipokuwa akizungusha kitufe, Kiarabu, Kireno, na lugha zisizo na jina, zilikuwa za watu waliokwishaibiwa na bado hawajui. Ushahidi ninao, nilijiambia. Mama kila akimaliza kurekodi huwa mkimya siku nzima.

Siku moja mama aliazima redio kaseti ya Fundi, kama wanawake wote wa nyumba walivyofanya. Shukrani yake huwa sahani ya wali. Ilikuwa mchana, wakati ule watu wamekwisha kula na hata mbwa wa mtaani hana la kusema. Akanituma chumvi. Nilijua chumvi ipo, nilikuwa nimeiona koponi asubuhi. Niliporudi mlango ulikuwa bado umefungwa, na mama akanituma tena, safari hii kiberiti.

Mtoto akitumwa mara mbili kwa vitu vilivyopo, huyo amefukuzwa. Nikataka kujua nimefukuzwa kwa maneno gani. Baba alikuwa Muskati mwaka wa tatu, na mimi nilishuku kwamba mama ananishtaki kwake.

Kesho yake mama alipokwenda sokoni, nilifungua sanduku, nikaitoa kaseti chini ya kanga zake, nikaipeleka barazani ndani ya gauni. Nilimwambia Fundi nimetumwa, mama anataka kujua kama imeshika vizuri. Alinitazama kidogo. Halafu akaiingiza, akavaa hedifoni, akabonyeza.

Nilisimama pale nikimtazama mtu mzima anamsikiliza mama yangu. Hakutikisa kichwa, hakutabasamu. Akapeleka mbele, akasikiliza, akapeleka mbele tena. Akageuza upande wa pili. Uso wake ukawa wa mtu aliyeambiwa kuna msiba. Alipovua hedifoni, niliiwahi nikaitegea sikio, nikasikia mvumo tu, kama upepo ndani ya mtungi. Nikaamini amekwisha kuyanyonya maneno.

"Mama yako alibonyeza kitufe kimoja," aliniambia. "Kile chekundu hakifanyi kazi peke yake, vinabonyezwa viwili kwa pamoja. Kaseti ni tupu. Mwambie arekodi upya."

Sikumwambia. Ningemwambiaje bila kusema nimefungua sanduku? Na pia sikumsadiki. Mtu hawezi kusikiliza kitu kitupu muda wote ule.

Siku ya tatu akaja shangazi Mwanahawa, dada yake baba. Hakukaa wala hakunywa maji. Alisimama ukumbini, ambako vyumba vyote sita vinasikia, akamuuliza mama ni kweli amemwambia mumewe, mfungo wa pili ukipita hujarudi nipe changu niende? Aliyasema vilevile, neno kwa neno, kama mtu anayerudisha sahani ya watu bila kuikwangua. Mama aliweka mkono ukutani. Alisema, "Sikusema hivyo."

Talaka haidaiwi kwa siri ikabaki siri, hilo nalijua leo. Kwa wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba maneno yalikuwa kwenye kaseti, kaseti ilikuwa sandukuni, na mtu mmoja tu ndiye aliyeisikiliza. Bi Tatu ndiye aliyelitamka kwanza. Alisema kwa sauti yake ndogo, akichambua mchele, kwamba mashine ni ya nani? Basi. Kufikia alasiri uani kulijaa watu, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kondo, aliletewa kiti.

Lililokuwa likiamuliwa pale lilikuwa dogo kwa mtu mwenye kwao. Kwa Fundi lilikuwa kila kitu. Akionekana na hatia, anaondoka barazani na jina lake linaondoka naye, na hakuna baraza nyingine Kariakoo itakayompokea fundi anayesikiliza barua za wake za watu. Alisimama karibu na bomba, mikono nyuma. Mama aliketi kwenye mkeka amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi, nami nilikaa miguuni pake.

Mtu akalileta daftari. Mzee Kondo alivaa miwani, akafunua taratibu, akawa anasoma kwa sauti ya mtu asomaye hati ya kiwanja. Yale ya posta mfukoni watu waliguna. La Buguruni, kuna mwanamume alitoka nje. Halafu akafika pengine, akasimama, akasoma mara mbili: "Itafika siku redio itamsikiliza mwenye nayo." Akavua miwani. "Fundi," alisema, "hii itafika, au imeshafika?"

Watu walicheka, kicheko kile kinachomaanisha umekwisha.

"Bado, mzee."

"Unajuaje kama bado?"

Hapo Fundi alijaribu kueleza habari za vitu vinavyopungua, akataja ile taa na ile punje ya hindi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu anayejua sana. Shangazi Mwanahawa akasema wapo wezi wa mikono na wapo wezi wa masikio, na wa masikio ni wabaya, maana ukimpekua humkuti na kitu. Wakacheka tena.

Ndipo Fundi akasema neno lililomwangusha. "Kaseti ile haina kitu, mzee. Haikushika sauti. Ichezeni hapa, msikie wenyewe."

Mzee Kondo aliinama mbele kidogo. "Umejuaje kama haina kitu?"

Nilimwona akifungua mdomo akaufunga. Mzee Kondo akasema haitachezwa, sauti ya mke wa mtu akizungumza na mumewe si taarabu ya kuwekewa watu uani. Shangazi akanioneshea kidole, akasema ulizeni huyu, anashinda barazani. Mzee akaniita mwanangu, kwa upole, akaniuliza kama nimewahi kumwona Fundi akiisikiliza kaseti ya mama.

Nilikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa, nilimwona, kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea. Nilisema nusu yake.

"Nilimwona."

Fundi Mawimbi aliinua macho akatazama upande wetu. Hakuwa na hasira. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Nilijua anaweza kusema sasa hivi, huyu mtoto ndiye mwizi, na hakusema. Akainamisha macho, akasema, "Haya. Nimesikia."

Jioni hiyo alifungasha vyombo kwenye begi moja la turubai. Meza aliiacha. Kabla wiki haijaisha mtu mwingine aliweka mkaa palepale. Daftari lilibaki kwa Mzee Kondo, na alipofariki wanawe walisema hawajawahi kuliona. Mama alimtafuta mtu wa kumwandikia barua ya karatasi, yenye salamu na habari za shule yangu. Baba alirudi baada ya mifungo minne, wakaishi pamoja mpaka alipotangulia mbele ya haki, na mimi sikuwahi kusikia mtu akidai chochote.

Toka hapo sijakaa mahali. Nimepika wali nje ya geti la bandari kwa madereva wa malori, nimeuza vitenge Tunduma, nimelala Masasi miezi sita bila sababu ninayoweza kumweleza mtu. Kila mji nilioingia nilitafuta mafundi redio, na baadaye mafundi simu, nikawatazama umri wao. Newala nilikwenda. Niliulizia fundi aliyewahi kukaa Dar, mwenye habari za mawimbi, na wazee watatu waliniambia hawajamsikia. Labda hakuwa mtu wa Newala. Mpaka leo sijui kwa nini lilinitia shaka tena, miaka yote ile baadaye, kana kwamba kesi bado inaendelea nami bado ni shahidi wa upande wa pili.

Kwa sababu mambo yalikuja, moja moja, kwa mpangilio ule ule wa daftari. Niliona simu za kwanza mikononi mwa wafanyabiashara wa Kariakoo, nzito kama matofali, nikasema moyoni, ukurasa wa kwanza. Niliona zikipungua. Niliona uso ndani ya kitabu kidogo, na jino bovu. Wenzangu walikuwa wanashangilia na mimi nilikuwa nachungulia nyuma ya kila simu mpya kama kuna mtu. Moja tu lilimshinda. Ukurasa wa mwisho aliandika kwamba vyombo hivyo vikienea, watu wataacha uongo, maana uongo utakosa pa kujificha. Nikikumbuka hilo ndipo ninapomwamini kwamba hakuwa mchawi wala hakutumwa. Aliyetumwa asingekosea pale.

Mama sasa anakaa na mimi Mbagala. Ana simu ya kioo aliyonunuliwa na mjukuu wa shangazi, na kabla hajamsengenya mtu huifunika kwa kanga, mikunjo miwili, halafu hunong'ona. Nilimcheka siku moja juu ya hilo, tukiwa tunachambua dagaa, na kicheko kikanitoa neno ambalo sikulipanga. Nilimwambia kwamba ile kaseti niliiiba mimi. Nilimwambia ni mimi niliyempelekea Fundi, na kwamba ilikuwa tupu kweli.

Hakuacha kuchambua.

"Nalijua," alisema. "Alinijia siku ileile, kabla shangazi yako hajafika. Akaniambia vitufe vinabonyezwa viwili, akaniambia na wewe ndiye uliyempelekea, akaniomba nisikupige."

Nikamuuliza, kama alijua, maneno alidhani yametokaje. Alinionesha juu kwa kidole chenye magamba ya dagaa, ingawa nyumba yangu ina dari. Alisema akiwa katikati ya kurekodi alisikia kitanda cha Bi Tatu kikilia, mtu anajigeuza, na alijua pale pale. Lakini ulimi ulikuwa umeshateleza, na moyo ulikuwa umejaa, akaendelea. Baadaye hakuwa na nguvu ya kuyasema mara ya pili, na kaseti ile hakuigusa tena.

"Na uani?" nilimuuliza. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme Bi Tatu amenidukiza, kesho nilale wapi? Na ningesema ni Bi Tatu, basi nimekiri nimesema." Akatupa kichwa cha dagaa. "Yeye alikuwa na begi moja. Mimi nilikuwa na wewe, na kitanda, na sanduku."

Nikamwambia basi angalau tumshukuru, popote alipo, hai au maiti, kwa sababu aliniona vizuri siku ile, alikuwa na neno la kuniumbua na akalimeza. Nikamwambia nimelibeba lile jicho mpaka Tunduma na kurudi.

Mama aliniangalia kwa huruma, namna anavyomwangalia mtu aliyepotea njia akiwa karibu na kwake.

"Hakukutazama wewe," alisema. "Wewe ulikuwa umekaa mbele yangu."